Salamu Ndefu za Jangwani

Mara ya kwanza kuwaona wafugaji wawili wa Turkana wakisalimiana, nilidhani wanagombana. Ilikuwa mwaka 2014, mbele ya Lorugum, lori letu limesimama chini ya mgunga likipoa injini. Mzee mmoja alitokea kaskazini na mbuzi wake. Mwingine alitokea upande wa milima ya Loima, fimbo begani na kile kigoda kidogo cha mbao mkononi, ekicholong, ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Wakasimama, kati yao kama hatua kumi. Mmoja akaanza kusema, na mwenzake akawa anaitikia kila baada ya maneno machache, macho yakiwa chini. Alipomaliza, yule wa pili naye akaanza. Ilipita robo saa kabla hawajasogeleana na kukaa kivulini.

Nikamuuliza dereva, "Mzee, wale wanateta nini?"

"Hawateti. Wanapeana habari."

"Habari gani za robo saa?"

"Habari zenyewe," akasema, na akarudi kuangalia maji ya rejeta.

Nilikuwa na miaka 23. Nimezaliwa Kitale, shamba la baba ni ekari 3 za mahindi, na hapo nilikuwa nimepata kazi ya utanboi kwenye lori la tajiri mmoja aliyepeleka mahindi, unga, sukari, majani ya chai na tumbaku hadi Lodwar, na kutoka Lodwar hadi maduka madogo ya mpakani na Uganda. Dereva alikuwa mzaliwa wa Lodwar. Mimi, Kiturkana changu kilikuwa neno moja tu, ejoka, na jibu lake, ejok. Nilifikiri hilo linatosha, kwa kuwa kwetu linatosha. Mtu wa Kitale akikuuliza habari unajibu mzuri. Umefiwa, mzuri. Mahindi yameliwa na viwavi, mzuri. Salamu yetu ni kama kubisha hodi, hakuna anayesimama mlangoni akingoja orodha ya vilivyomo ndani.

Wao neno lao ni ng'akiro. Maana yake mambo, maneno, habari. Na wakikuuliza, wanataka uwape.

Njia ile naipenda mpaka leo. Unatoka Kitale alfajiri na koti mwilini, unapita Makutano ya Kapenguria na koti bado limefungwa. Unateremka msitu wa Kamatira, unapita Ortum, na ukifika Marich milima inafunguka kama mlango na joto linakupokea usoni. Koti halitakiwi tena mpaka siku ya kurudi. Kainuk wakati huo magari yalikuwa yakingojana yaende msafara mmoja pamoja na askari wa akiba, kwa sababu ya majambazi na wezi wa mifugo. Lami ilikuwa imeng'oka hivi kwamba madereva walipita pembeni, kwenye vumbi, barabara yenyewe wakaiachia mbuzi. Kitale mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300, na tulikuwa tunaweza kulala njiani mara mbili.

Sasa niseme la 2019, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike haya.

Yule dereva wangu mzee alikuwa amestaafu kwa maradhi ya mgongo, na usukani nikawa naushika mimi. Ilikuwa Oktoba. Tulikuwa tumetoka Lorugum saa nane mchana, tumebeba unga na sukari za maduka mawili yaliyokuwa yameishiwa kabisa. Tulifika kwenye laga moja pana, yaani mto wa msimu, mchanga mkavu, mweupe, nyayo za ngamia zimeujaza. Ukingoni alikuwa amekaa mzee. Alipotuona alisimama na kuinua mkono, kiganja kimetuelekea. Nikasimamisha gari bila kuzima injini.

"Ejoka?"

"Ejok."

Akaanza. Kiturkana changu wakati huo kilikuwa cha kununulia mbuzi na kuulizia njia, lakini nilishika maneno ya mwanzo: usiku, mlima, radi. Nikatazama juu. Anga lilikuwa jeupe, halina hata kipande cha wingu. Nikatazama jua, nikahesabu saa zilizobaki. Nikamwambia ejok, ejok, nikaingiza gia.

Tanboi wangu alikuwa kijana mdogo mwenye adabu. Akasema, "Kaka, mzee bado anaongea."

"Atamalizia tukirudi."

Katikati ya laga magurudumu ya nyuma yalizama. Tulipunguza upepo kwenye tairi, tukachimba kwa sepetu, tukatandika matawi. Tulikuwa tumechimba kama nusu saa niliposikia lori lingine likipanda mlima kwa gia ya kwanza. Nikafurahi kwamba tumepata wa kutuvuta. Kijana akageuka kutazama juu ya laga, halafu sepetu ikamwanguka. Halikuwa lori. Maji yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, mbele yake yakisukuma povu, matawi na samadi, si kwa kimo kikubwa mwanzoni, kama magotini tu, halafu yakawa kiunoni kabla hatujafika kwenye ngazi ya lori. Tulipanda juu ya turubali na kukaa pale. Juu yetu bado hakukuwa na wingu. Maji yalifika kwenye mlango wa kabini na kusimama hapo mpaka giza likaingia, na chini yetu nilisikia unga ukinywa.

Marobota 40 ya chini yaliharibika. Tajiri alinikata mshahara mpaka akayafidia, na sikumpinga.

Alfajiri maji yalikuwa yamepungua yakabaki vijito. Yule mzee alikuja na vijana watatu. Niliteremka nimejiandaa kusimangwa, kwa kuwa nilistahili. Alikaa kwenye kigoda chake, akaninyooshea mkono nikae mchangani, na akaanza kusema. Mmoja wa vijana alijua Kiswahili cha shule, akawa ananitafsiria. Mzee alianza pale pale nilipomkata. Usiku wa tatu mfululizo radi zimepiga upande wa Loima. Upepo wa jana jioni ulitoka huko na ulikuwa na baridi na harufu ya udongo. Ngamia wake waliokuwa wakilala ndani ya laga, juzi walikataa kuteremka. Mtu aliyetoka huko asubuhi alisema vijito vya juu vimejaa. Akayasema yote kwa utaratibu, hakuongeza neno juu ya gari langu. Ilikuwa habari, nayo haikuwa imefika, kwa hiyo aliifikisha.

Halafu akanyamaza na kunitazama. Yule kijana akaniambia, "Sasa ni zamu yako."

Nilisema tumetoka Kitale. Akauliza mvua huko imenyesha vipi. Nikasema vizuri. Akauliza vizuri ni siku ngapi. Sikujua. Akauliza bei ya mbuzi Lodwar. Hiyo nilijua kidogo. Akauliza kati ya Lodwar na Lorugum tumekutana na mifugo ya nani. Nilikumbuka kundi la ngamia lililotuzuia barabarani, nikamwambia. Wangapi? Wengi. Wana alama gani? Kila ukoo wa Waturkana una alama yake ya chuma cha moto kwenye mnyama, na mimi nilikuwa nimepita katikati ya wale ngamia nikipiga honi, karibu kiasi cha kuwagusa. Sikuona alama. Walikuwa wakielekea wapi? Sikujua. Walikuwa na ndama? Sikujua.

Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayemtazama mwenziwe aliyetoka safari ndefu hana kitu mkononi, hata maji. Yale macho sijayasahau.

Tulikaa nao siku nne, mpaka mchanga ukakauka kiasi cha kulitoa lori kwa kamba na watu. Mama wa boma lile alitulisha kwa maziwa ya ngamia. Vyombo vyao vya maziwa ni vya mbao, na kabla ya kukamulia huvisugua ndani kwa kijiti kinachowaka moto, hivyo maziwa yana ladha ya moshi na hayaharibiki upesi. Siku ya kwanza nilikunywa kwa heshima tu. Siku ya tatu nilikuwa naikamata ile harufu kwa mbali na njaa inaniuma. Alikuwa akiniita "mtoto wa mahindi", na nilimwita mama, kwa sababu alikuwa na umri wa mamangu na alinitunza kama mamangu.

Kisima chao kilikuwa kwenye laga nyingine ndogo ambayo haikupata mafuriko. Mtu akisema kisima, sisi tunafikiria tundu lenye kamba na ndoo. Hiki kilikuwa shimo refu lililochimbwa mchangani, kinaendelea kushuka kadiri kiangazi kinavyokaza, na ndani yake watu wanne wamesimama mmoja juu ya mwenzake kwenye vidato. Wa chini kabisa anachota kwa kibakuli, anampa wa juu yake, mpaka maji yanafika juu na kumwagwa kwenye hori la mbao. Wanaimba ili mikono iende pamoja. Mbuzi huja kwa vikundi vidogo vidogo. Wengine hukaa mbali wakilia wala hawasogei mpaka waitwe. Mbuzi wanahitaji maji kila siku mbili au tatu, lakini ngamia anaweza kukaa wiki na zaidi, na akifika kisimani anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mkao mmoja. Kwa hiyo siku ya ngamia hupangwa mapema, na watu wa boma zima hujua. Mwenye mifugo akitoka mbali huomba kwa mwenye kisima na kungoja. Mtu mwenye kiu yake peke yake haombi, anapewa kibakuli.

Nilishuka kidato cha pili nikasaidia. Baada ya saa moja mikono yangu haikufunga ngumi.

Siku ya tatu jioni alirudi kijana ambaye walikuwa wamemtuma kutafuta malisho. Alikuwa ametembea siku sita. Nilitazamia kwamba atafika, aseme majani yako mahali fulani, na watu wafunge mizigo. Kwanza alipewa maziwa. Halafu akakaa katikati ya wazee, na wakamhoji zaidi ya saa nzima. Yule mtafsiri wangu alichoka njiani, lakini yale aliyonitafsiria yalitosha. Majani ni mabichi mpaka chini au juu tu? Umeyavuta, yameng'oka na mizizi? Maganda ya ewoi yameanza kudondoka? (Ewoi ndiyo migunga ile, na maganda yake ni chakula kizuri sana cha mbuzi.) Kupe wapo? Umeona nyayo za watu, za viatu au za miguu mitupu, na zilikuwa za lini? Nani amefika kabla yetu, na alikukaribisha vipi? Kutoka maji mpaka majani, mwanambuzi aliyezaliwa juzi anafika? Akisema sijui, walimnyamazia, na ile kimya ilikuwa adhabu tosha.

Wanawake walikuwa wamekaa nyuma kidogo, na wao pia waliuliza. Mama aliuliza juu ya kuni, na juu ya punda wake mmoja aliyekuwa na kidonda mgongoni, kama njia ina mawe. Nyumba ni za wanawake, wao huzijenga na wao huzifungua na kuzipakia kwenye punda. Boma haliwezi kuhama kama wenye nyumba hawajaridhika.

Usiku ule walichinja mbuzi, wazee wakayatandaza matumbo na kuyasoma, wakionyeshana kwa kidole mishipa na rangi zake: hapa mvua, hapa njia, hapa adui. Mimi nimelelewa kanisani na sikujua niliweke wapi jambo hilo. Lakini nilikaa karibu, nikaona kwamba wakati wa kusoma kila mzee alisema alichokiona, hata wale wawili waliokuwa kimya wakati wa kumhoji kijana. Mmoja aliona njia ya kusini si nzuri, na ikajulikana kwamba alikuwa na ugomvi wa zamani huko ambao hakutaka kuutaja mbele ya watoto. Wakachagua njia ya magharibi. Siwezi kucheka jambo hilo, na sitaki mtu alicheke mbele yangu.

Waliondoka kabla ya mapambazuko ya siku ya tano. Nilipoamka, palikuwa na duara tu za majivu na miba.

Nyumbani kwetu husemwa kwamba watu wa kaskazini wanazurura. Nimelisikia neno hilo sokoni Kitale, kwenye matatu, hata kwa watu waliosoma. Linaniumiza. Kitale tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, Lodwar hupata karibu 200, na hizo 200 haziji sawasawa. Hunyesha bonde hili na kuruka lile. Baba yangu anaweza kukaa kwenye ekari zake 3 na kungoja, kwa sababu mvua itamfikia. Ukikaa na kungoja Turkana, mifugo itakufa ukiwa umekaa, huku majani yakinyauka siku tatu kutoka hapo bila wa kuyala. Kuhama ndiko kulima kwao. Na jembe lao ni ile salamu ya robo saa: kila mtu anayekutana na mwenziwe anamkabidhi kipande cha nchi alichokiona kwa macho yake, na kwa vipande hivyo wanajua kesho waende wapi.

Ndiyo sababu naogopa vinavyowazuia. Mathenge, ule mti wa miba, umefunga kingo za mto Turkwel hivi kwamba mbuzi hawafikii maji. Visima vya pampu ni vizuri na nimekunywa kwenye vingi, lakini pale pampu ilipowekwa peke yake watu wote hujazana hapo, na majani ya karibu huisha kabisa. Tangu mafuta yapatikane upande wa Lokichar mwaka 2012, kuna mahali mfugaji alipopita akiwa mtoto ambapo leo pana uzio. Mpaka wa Uganda nao ungeweza kuwa uzio mkubwa kuliko zote, kama wazee wao wasingeketi mwaka 1973 pale Lokiriama, Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, wakazika silaha ardhini na kuapa. Amani ile ndiyo imewaruhusu kupeleka mifugo ng'ambo ukame unapokaza.

Na ulikaza. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, na kote Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Nilipita njia ile 2022 nikiwa nimefunga madirisha kwa sababu ya harufu. Hapo hata habari bora haikutosha, kwa maana hakukuwa na mahali pa kuhamia ambako majani yalibaki. Yule mzee wa laga alivuka kwenda Karamoja na ngamia, akarudi na chini ya nusu. Mama alinusurika. Yule punda hakunusurika.

Siku hizi kusimamisha gari ni desturi yangu. Nikiona mkono umeinuliwa nazima injini, nateremka, nangoja mpaka mtu amalize, kisha nampa za kwangu. Tanboi huandika kwenye daftari: alama za ngamia, maji yako wapi, nani anahama. Tajiri niliye naye sasa alinung'unika mwanzoni kwa sababu ya muda. Ameacha, tangu siku tuliyoambiwa na watoto wawili tuzunguke laga moja, na lori la mwenzetu lililotangulia likalala humo wiki nzima.

Juzi, Jumapili, niko nyumbani Kitale nimekaa kwa baba, simu ikalia. Ni yule kijana aliyekuwa akinitafsiria, sasa ana mke na simu yenye laini mbili. Alikuwa amepanda kilima kutafuta mtandao. Baada ya ejoka akaniuliza, "Huko mmepata mvua?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema tumepata, mzuri. Nikamwambia asubiri. Nilitoka nje, nikaingia kati ya mahindi, nikachimba kwa kidole mpaka udongo mkavu ulipoanza. Nikamuuliza baba ni siku ngapi sasa. Nikarudi kwenye simu nikamwambia: siku nne katika wiki mbili, unyevu mpaka kiungo cha pili cha kidole, mahindi yamefika magotini, mawingu yako upande wa Elgon tangu asubuhi lakini hayasogei.

Alinyamaza kidogo. Nilisikia upepo wa kilimani kwake.

"Upepo unatoka upande gani?" akauliza.

Nikatoka tena.